Nyumba Inayoshika Kina

Watu wa Lwangila wakikuchukia hawakupigi. Wanawasha mota. Wanawasha pampu, wanawasha randa, wanawasha kinu cha kusaga, halafu wanakaa barazani kukutazama ukipita na kipimo chako shingoni, wakijua kabisa kwamba kila mota mbovu inayozunguka mjini inamwaga uchafu kwenye waya wetu mmoja, na waya huo ninaulinda mimi. Miaka yote hii nalinda waya wa watu wasionisalimia. Sijali. Mimi mwenyewe si mtu wa salamu.

Asubuhi hiyo nilijali, kwa sababu mume wangu alikuwa chini ya jiwe.

"Usinisemeshe," wifi yangu Editruda alisema nilipoingia chumba cha madereva.

"Sijasema kitu."

"Unapumua kama mtu anayetaka kusema."

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, glovu nene mikononi, miwani ya kuonea mgodi imemfunika nusu ya uso. Ndani kabisa ya mlima, ambako joto halimruhusu binadamu kukaa, mashine tunayoiita Mkono ilikuwa imeshika bamba la mwamba. Chini ya bamba hilo ilikuwa miguu ya Kassian, mume wangu, kaka yake yeye. Kassian aliingia kubadilisha kamera, kazi ya kuingia na kutoka, na paa la handaki likashuka mbele na nyuma yake. Huko ndani alibaki yeye, Mkono, na maji ya mlima yaliyoanza kuchuruzika kutoka ukutani.

Editruda alikunja vidole. Kwenye skrini, vidole vya chuma vikakunjika baada ya kitambo, kitambo kidogo tu cha kufumba na kufumbua, na uzito wa jiwe ukarudi kwenye glovu zake baada ya kitambo kingine. Alipohisi jiwe linaanza kuteleza, kule lilikuwa limeshateleza zamani.

"Acha, acha, Edi," sauti ya Kassian ikatoka kwenye spika. "Unanibana zaidi."

Editruda aliachia. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni na asubuhi ya Lwangila ni ya kuvaa sweta mbili.

"Laini nzito hii," alisema. "Siwezi kuinua mtu kwa laini nzito. Ni kama kumvua mtoto shati kwa mikono ya mtu mwingine. Shusha kina."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Niambie tu. Mimi nilishawaambia nyumbani tangu siku ya mahari kwamba huyu mwanamke hana damu."

Nitaeleza jambo hili mara moja, maana sipendi kulirudia. Hewani hakuna kinachopita siku hizi. Tangu jua lianze vurugu zake, simu za upepo ni mapambo ya kabatini. Kila kitu kinapita kwenye waya ambao kampuni ya mgodi iliutandaza kutoka mlimani mpaka majumbani. Na waya una kelele. Si kelele ya masikioni, ni vishindo vya umeme vinavyoingia ghafla na kufuta chochote kinachopita muda huo. Dawa yake ni kuvunja kila ujumbe vipande, kuvichanganya na vipande vya ujumbe mwingine kama mtu anavyochanganya karata, ndipo unavituma. Kishindo kikija kinafuta kipande kimoja cha kila ujumbe badala ya kufuta ujumbe mzima, na kipande kimoja mashine inaweza kukikisia na kukirudishia. Ukichanganya sana, kelele haikuwezi. Lakini kuchanganya sana ni kusubiri sana, kwa sababu ujumbe hausomeki mpaka vipande vyake vifike. Kiasi cha kuchanganya ndicho tunachokiita kina. Kina kirefu, laini nzito, salama. Kina kifupi, laini nyepesi, na uombe Mungu kelele isije.

Na kina ni kimoja kwa mji mzima. Madereva wa mgodi wanataka laini nyepesi. Wenye wagonjwa wa vumbi wanataka nzito, kwa sababu wagonjwa wao wanapumua kwa pafu la nje, na pafu la nje linapokea amri ya kila pumzi kutoka zahanati kwa waya huohuo. Amri ikipotea, pafu linasubiri amri nyingine. Linasubiri kwa adabu kabisa, na mtu anakufa.

Otmari, kijana wa nyumba ya kinu, alikufa hivyo wiki iliyopita. Ilikuwa saa ya ukimya. Mota zote zimezimwa kwa tangazo, laini nyepesi, madereva wanahamisha nguzo mgodini. Mtu akawasha mota. Mji ukaamua ni Masunga, mchomelea vyuma, kwa kuwa ametoka Kanda ya Ziwa na hapa hana mjomba wa kumsemea. Walimvunjia kibanda, wakamtoa jino. Mimi nilipita pale na kipimo changu, na kipimo hakikuniambia kitu, nikaenda zangu.

Tangu siku hiyo kina kilikuwa mikononi mwa mama yake Otmari. Hiyo ni sheria yetu, nimeikuta hapa: nyumba iliyofiwa na mtu wa pafu ndiyo inashika kina mpaka arobaini ipite. Wakisema nzito, ni nzito. Mhandisi akigusa kina bila ruhusa ya nyumba ya msiba anakatwa kwenye waya, yeye na wote walio chini ya paa lake, na hakuna wa kumuunga tena. Wala sikuwa naogopa hilo. Kwa Kassian ningekatwa hata leo.

"Njoo utazame," nilimwambia Editruda.

"Sina nafasi ya kutazama."

"Basi sikiliza. Kuna watu kumi na mmoja kwenye mapafu mjini. Na kuna kinu kinazunguka sasa hivi msibani, wanasaga unga wa kumalizia tanga. Kelele yake imejaa waya mzima. Laini nzito inaihimili. Nikishusha kina kabla kile kinu hakijazimwa, ninaua watu."

"Kata nyumba hiyo."

"Tawi hilo lina nyumba nyingine mbele yake. Mapafu matatu. Nikikata pale juu, wote wamekosa waya."

Spika ikakoroma.

"Mama Patrisi, uko hapo?" Kassian aliniita.

"Niko."

"Maji yamefika mbavuni. Ya baridi, ajabu. Nilidhani huku kote moto." Akakohoa. "Usigombane na Edi."

"Yeye ndiye anagombana."

"Najua. Usigombane naye."

Nilirudi mezani kwangu kutazama ile kelele vizuri. Kila mota ina mwendo wake, kama watu wanavyotembea. Mwingine anaburuta mguu, mwingine anadunda. Hii ilikuwa inapanda na kushuka kwa meno, moja fupi, mawili marefu, moja fupi. Nilikuwa nimewahi kuiona mahali. Nikafungua picha ya kelele ya siku aliyokufa Otmari, nikaiweka juu ya hii. Meno yakaingiana.

Niliangalia tena kwa sababu sikutaka. Kile kinu hakikuzungushwa tena tangu siku ya kifo mpaka asubuhi hiyo, ndiyo maana sikuwa na cha kulinganisha nacho. Haikuwa mota ya Masunga. Haikuwa ya jirani. Ilikuwa ya nyumbani kwao Otmari, hatua chache kutoka kitandani kwake, imeingia moja kwa moja kwenye waya wa pafu lake.

Nikazima skrini kabla Editruda hajageuka.

"Naenda kumwomba yule mama," nilisema.

"Wewe? Kuomba?" Alicheka kicheko kibaya. "Kaka yangu amekwisha."

*

Msibani walikuwa wengi. Wanaume kwenye mabenchi uani na vikombe vyao vya ulanzi, pombe ya mianzi, wanawake ndani kwenye mikeka, na nyuma ya nyumba kinu kinanguruma mpaka vikombe vinatetemeka. Nilisema kamwene, salamu ya hapa. Hakuna aliyeitikia. Kijana mmoja alinyoosha miguu yake njiani ili niiruke, nikairuka.

Mwenyekiti Ngailo, ambaye ndiye mkubwa wa mtaa na hajawahi kunipenda, alinizuia mlangoni.

"Mhandisi. Umekuja kula au kupima?"

"Nimekuja kuongea na Mama Otmari."

"Kuhusu?"

"Mume wangu amebanwa na jiwe mgodini. Naomba kinu kizimwe, na naomba ruhusa ya kushusha kina. Muda mfupi tu."

Minong'ono ikaanza kwenye mabenchi. Mmoja akasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba hata mara ile waliomba muda mfupi tu. Mwingine akasema wenye waume mgodini ndio binadamu, wengine ni kuku. Ngailo aliwaacha wamalize, na mimi nilimwona anavyowaacha.

"Mwacheni apite," sauti ya mwanamke ilitoka ndani.

Mama Otmari alikuwa amekaa ukutani, miguu ameinyoosha, khanga kichwani. Ni mwanamke mfupi, mpana, mikono yake imejaa unga mpaka kwenye viwiko hata siku ya msiba, kwa sababu kinu ni chake na hamwamini mtu mwingine kukijazia nafaka. Nilipiga magoti. Nilimwambia shikamoo, nikampa pole, nikaeleza tena.

"Mume wako ana umri gani?" aliniuliza.

"Arobaini na mbili, mama."

"Otmari ana thelathini." Alisema ana. "Mlikuja hapa hapa. Ukasimama hapo ulipopiga magoti, ukasema mji umenyamaza, laini itakuwa nyepesi kidogo, msiwe na wasiwasi. Nikakuamini. Nikamwambia mwanangu usiwe na wasiwasi."

"Nilisema hivyo."

"Basi na wewe kamwambie mume wako asiwe na wasiwasi."

Wanawake waliguna. Mmoja alisema haswa. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu si ya kujificha. Ilinipanda mpaka kwenye masikio. Neno nililonalo lilikuwa mdomoni tayari. Ningelisema pale pale, mbele ya mikeka na mabenchi, na kinu kingezimwa na watu kumi kwa mpigo. Wangekizima kinu na wangemzima na yeye. Waliomtoa Masunga jino kwa kumdhania tu wangemfanya nini mama wa watu kwa jambo la hakika? Na hata kama wasingemgusa, wangemtazama, kila siku, akipita na debe lake.

Lakini Kassian alikuwa na maji mbavuni, na huenda sasa shingoni. Nisingeweza kuondoka na mdomo umefungwa. Mwenye roho nzuri kuliko mimi labda angeweza.

"Nionyeshe kinu," nilimwambia.

"Nini?"

"Nataka kukiona. Ukinionyesha, nitaondoka."

Sijui kwa nini alikubali. Labda alitaka kuniona naondoka. Aliinuka kwa kushika ukuta, akanitangulia, na nilipofunga mlango wa chumba cha kinu nyuma yetu hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeweza kutusikia kwa ule mngurumo.

Kitanda cha Otmari kilikuwa bado humo. Kimetandikwa. Pafu lake la nje limewekwa juu ya mto, limezimwa. Nilijua kwamba alipozidiwa alikataa kulala chumbani peke yake, alitaka kukaa na mama yake kazini, awasikie wateja na umbea wao. Nilichokuwa sikijui ni jinsi walivyomfikishia waya. Ulikuwa umevutwa kutoka sebuleni, ukapitishwa nyuma ya mota ili watu wasiukanyage, na katikati umeungwa kwa mkono, nyaya zimesokotwa na kuzungushiwa utepe mweusi. Kiungo chenyewe kilikuwa kimelala juu ya mota.

Hapa kwetu kila mtu anaamini mota yake ni safi. Kelele ni ya majirani. Nimekwenda nyumba kwa nyumba kusema hapana, nimeongea mpaka koo limekauka, na wananiitikia ndiyo ndiyo huku friji inapiga cheche nyuma yao.

Niliinama sikioni kwake.

"Mama. Siku ile, saa ya ukimya. Hiki kinu kilizunguka?"

Alinitazama. Sikuwa nimemuuliza kwa ukali, na nadhani hilo ndilo lililomtisha.

"Aliomba uji," alisema. Nilimsoma midomo zaidi ya kumsikia. "Uji wa ulezi. Siku tatu alikuwa hajala kitu. Akasema mama, leo nasikia hamu ya uji. Unga ulikuwa umeisha." Akanionyesha kwa viganja. "Kibaba kimoja. Kibaba kimoja tu, mwanangu. Hakikuchukua muda."

Niliweka kidole kwenye kiungo chenye utepe, kisha nikaelekeza kwenye mota, kisha kwenye pafu juu ya mto. Nilifanya hivyo. Nilimwonyesha mama kifo cha mwanawe kwa kidole, kitu kimoja baada ya kingine, kama mwalimu, kwa sababu nilikuwa namtaka mume wangu.

Macho yake yalikwenda kila nilikoelekeza. Yalikaa kwenye utepe.

"Niliuunga mimi," alisema. "Otmari alinielekeza."

Akanyoosha mkono wake wa unga, akashusha wenzo. Mota ikalia, ikapunguza, ikasimama. Nje watu walikwisha kuanza kuulizana kulikoni.

"Shusha kina chako," Mama Otmari aliniambia katika ule ukimya. "Nenda."

*

Sijawahi kuona waya wetu msafi kama ulivyokuwa nilipoingia kituoni. Mstari ulikuwa umelala. Nikafungua kifuniko, nikageuza kitasa cha kina kutoka kirefu hadi kifupi, na mji mzima ukawa mwepesi.

"Sasa," nilimwambia Editruda.

Alikunja kidole kimoja kujaribu. Kule mlimani kidole cha chuma kikakunjika naye, pamoja naye. Nilimwona anavyoshusha pumzi.

Mimi sikuangalia skrini yake. Niliangalia mapafu, taa kumi na moja, kila moja ikiwaka kwa kila pumzi. Kuna mtu mtaa wa juu aliwasha kitu, sijui nini, unywele mmoja wa kelele ukapita, na taa moja haikuwaka. Ikasubiri. Nikawa nimeshika kitasa tayari kukirudisha, na nikikirudisha jiwe linamshukia Kassian, na taa haiwaki, na mkono wangu haugeuki. Haukugeuka. Taa ikawaka yenyewe. Nisiulizwe ningesubiri mpaka lini, kwa sababu jibu ninalo na silipendi.

"Limetoka," Editruda alisema. "Limetoka. Kaka, vuta miguu. Vuta."

Kassian alipiga ukelele ambao bado nausikia. Mkono ukamnyanyua kutoka kwenye maji, ukamlaza kwenye kibaraza cha juu, na watu wa nje wakachimba kumfuata mpaka mchana. Mguu mmoja hautakuwa mguu tena. Nilirudisha kina kirefu jiwe lilipokuwa bado linatikisika.

Editruda alivua glovu. Mikono yake ilikuwa imevimba. Alilia kidogo, akafuta uso na bega.

"Ulimwambia nini yule mama?"

"Nilimwomba."

"Usinidanganye, wifi. Wewe hujui kuomba."

*

Jioni Ngailo alituma watu waniite msibani. Hawakuniambia njoo, walisimama mlangoni mpaka nikatoka. Editruda alikuja nyuma yangu, sijui kwa kunilinda au kwa kutazama.

Uani palikuwa pamejaa. Katikati alikuwa amesimamishwa Masunga, mchomelea vyuma, shati limechanika, mdomo bado umevimba kwa mara ile. Mama Otmari alikuwa ametolewa nje na kukalishwa kwenye kiti. Hakuwa ameosha mikono.

"Tangu ulipotoka hapa," Ngailo aliniambia, "huyu mama hajasema neno. Hali, hanywi. Kinu amekizima na hataki kigusike, unga wa tanga umeachwa nusu. Umemwambia jambo. Na sote tunajua jambo lenyewe, maana wewe ndiye mwenye kipimo. Umemwambia mota ilikuwa ya nani. Basi tuambie na sisi, ili tukimmaliza huyu tummalize kwa haki."

Masunga alikuwa amechoka kusema si yeye.

Nilimtazama Mama Otmari. Naye alinitazama, na sikuona kwamba ananisihi. Alikuwa anasubiri tu. Nadhani kama ningesema kweli asingekana. Angesema ndiyo, kibaba kimoja, na wangempokea hapo wamfanye watakavyo. Wangesema mama amemuua mwanawe kwa uji.

Na kweli ilikuwa na kazi yake. Mjini kuna viungo vingine vya utepe mweusi, nyumba nyingine zenye wagonjwa na mota. Watu wakijua, wataogopa, watafungua. Kazi yangu yote ni kweli hiyo. Mtu anayelinda waya akianza kuchagua kelele gani aitaje na ipi aifunike, hana tena anacholinda.

Nilifikiria hayo. Halafu nikaangalia ile mikono yenye unga.

"Kituo changu," nilisema.

"Sema tusikie."

"Mota ilikuwa ya kituoni kwangu. Jenereta ya akiba. Nilikuwa naijaribu, nikasahau ni saa ya ukimya. Masunga hajawasha kitu."

Nilisikia mtu anaweka kikombe chini. Nilijua wangeniamini. Ukichukiwa vya kutosha, watu wanapokea ubaya wako bila kuuliza maswali.

Ila Ngailo si mjinga. "Jenereta," alisema polepole. "Ile ina mlio wa trekta. Nani aliisikia?"

Sikuwa nimefika huko.

"Mimi," Editruda alisema.

Alisogea mbele mpaka akasimama karibu yangu, bila kunigusa. Siku ile alikuwa kwenye kiti chake, glovu mkononi, ukuta mmoja kutoka kwenye jenereta, na alijua vizuri kuliko yeyote kwamba haikuwashwa.

"Nilikuwa zamu. Niliisikia. Nikanyamaza kwa sababu ni mke wa kaka yangu. Sasa kaka yangu ametoka, sinyamazi tena."

Sikujua kama wifi yangu ameniokoa au amenizika. Mpaka leo sijui, na sijamuuliza.

Masunga aliachiwa njia, akapita katikati yao bila kugeuka. Mimi walinipiga, si sana. Wanawake zaidi ya wanaume. Mmoja alinitemea ulanzi. Ngailo alisema arobaini ikipita nitakatwa kwenye waya, mimi na nyumba yangu, Kassian na mguu wake mmoja, na mpaka apatikane mhandisi mwingine nitaendelea na kazi, kwa sababu mapafu hayawezi kusubiri watu wamalize kununa. Nikasema sawa. Nikaomba kitu kimoja, niingie chumba cha kinu kuna kazi sijaimaliza. Alipunga mkono kana kwamba anafukuza nzi.

Humo ndani nilichukua koleo, nikapiga magoti nyuma ya mota. Utepe ulikuwa umeshika, ilibidi niuchune. Nilikata waya pande zote mbili za kiungo na kuanza kuuvuta kutoka ukutani, msumari baada ya msumari.

Mlango ulifunguliwa, ukafungwa. Mama Otmari alikaa kwenye kitanda cha mwanawe. Alilosema lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi, na alilisema bila hasira.

"Kama ilikuwa jenereta yako, waya wangu unaung'oa wa nini?"

"Umechakaa, mama."

Aliinama, akaokota ncha ya upande wake pale chini ya mto, akaizungusha kiganjani. Nikauvuta taratibu. Hakuachia.